Kurudi Imbo: Warundi Waliorejea Baada ya Mkataba wa Arusha

Kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, kuna ukanda wa nchi tambarare unaoitwa Imbo. Juu yake, milimani, kuna baridi, na mashamba yamebanana hadi kwenye migongo ya vilima. Imbo ni joto, udongo una rutuba, na michikichi inastawi. Rumonge na Nyanza-Lac ndiyo miji ya kusini mwa ukanda huo, na Kiswahili kinasikika masokoni mwake kama kinavyosikika Kigoma, kwa kuwa dagaa, mawese na watu wamekuwa wakivuka ziwa hilo tangu enzi na enzi. Anayetaka kuelewa yaliyowapata wakimbizi waliorudi Burundi baada ya amani aanzie hapa, kwenye michikichi, ndipo aende Arusha kwenye meza ya mazungumzo.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walizuka katika ukanda huu na kuua Watutsi, viongozi kwa raia. Serikali ya Rais Michel Micombero ilizima uasi huo kwa muda mfupi, kisha ikaendelea kuua. Wanajeshi na vijana wa chama tawala walipita na majina mkononi: walimu, makarani, wauguzi, makasisi, wafanyabiashara, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Mhutu aliyejua kusoma na kuandika alihesabiwa kuwa hatari. Waliouawa katika miezi michache hiyo wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huita kipindi hicho Ikiza, na ziko familia zilizopoteza kila mwanamume aliyevaa viatu vya kazini.

Waliowahi walikimbia. Wa Imbo walipanda mitumbwi usiku kuelekea Kigoma, wa maeneo mengine wakakata nchi kwa miguu kuingia Kasulu na Kibondo. Tanzania iliwapokea, ikawaondoa mpakani na kuwapeleka ndani kabisa, kwenye misitu ya miombo ambako ndorobo walikuwa wengi kuliko watu. Ndipo yakaanzishwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba wilayani Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya 70 yakafuata ya Mishamo, baada ya watu kuzidi Ulyankulu na maji kutotosha. Kila familia ilipewa shamba, jembe, mbegu na chakula cha kuanzia. Wakafyeka msitu. Miaka michache baadaye walikuwa wanauza mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na kufikia 1985 Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuyakabidhi makazi hayo kwa serikali, maana wakulima wale hawakuhitaji tena mgao wa mtu.

Lakini walibaki wakimbizi. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi, na kibali kilikuwa na siku zake. Watoto walisoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili, wakaimba wimbo wa taifa la Tanzania kila asubuhi, na jioni wakasimuliwa na babu zao habari za michikichi ya Rumonge. Mtoto wa Mishamo aliyezaliwa 1980 aliweza kukueleza kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya babu yake ingawa hakuwahi kukiona.

Nyumba hiyo, wakati huo, ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Hapa ndipo kiini cha historia hii. Baada ya 1972 mashamba ya Imbo hayakukaa tupu kuwangoja waliokimbia. Jirani aliingia kwenye shamba la jirani, ndugu aliyebaki akauza fungu la ndugu aliyekimbia, wakuu wa serikali na wanajeshi wakajipimia sehemu nzuri. Wengine walioletwa kutoka milimani hawakunyang'anya mtu: serikali iliwapa ardhi ikawaambia ni yao. Sehemu kubwa iliingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi, mistari ya shamba ikapangwa upya, na wakulima wapya wakagawiwa viwanja juu ya mipaka ya zamani. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1986 ikampa ulinzi aliyekuwa shambani. Aliyelikalia shamba miaka 30 aliweza kudai umiliki, na aliyeingia kwa nia njema alihitaji miaka 15 tu. Kwa hesabu hiyo, kila mwaka mkimbizi aliokaa Katumba ulikuwa unamhesabia mtu mwingine haki kule Rumonge.

Mmoja wa walioligusa jambo hili kutoka Ikulu alikuwa Melchior Ndadaye. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mkimbizi nchini Rwanda na kurejea 1983. Aliposhinda uchaguzi wa Juni 1993, rais wa kwanza Mhutu na wa kwanza kuchaguliwa na wananchi wa Burundi, aliwaambia wakimbizi warudi nyumbani. Baadhi walirudi mara moja, hata kabla serikali haijajiandaa, wakaenda moja kwa moja kwenye mashamba yao na kuwakuta watu. Hofu ikatanda kwa wale waliokuwa wakilima pale kwa miaka 20. Tarehe 21 Oktoba 1993, baada ya siku zipatazo 100 madarakani, Ndadaye aliuawa na wanajeshi. Wahutu wakawageukia majirani zao Watutsi vijijini, jeshi likawageukia Wahutu, na vita iliyofuata ilichukua roho za watu wapatao 300,000.

Mamia ya maelfu walivuka tena kuingia Tanzania. Safari hii hapakuwa na mashamba ya kugawiwa. Kulikuwa na kambi: Lukole huko Ngara, Mtabila na Muyovosi huko Kasulu, Nduta, Kanembwa, Mtendeli na Karago kwenye ukanda wa Kibondo. Walipangwa kwa vitalu, wakaishi kwa mgao. Kwa hiyo Tanzania ikawa na Warundi wa aina mbili, wa 72 wenye ghala za mahindi, na wa 93 wenye kadi za mgao, na hawa wawili hawakuwa na hadithi moja ya nyumbani.

Wala si kila aliyepoteza nyumba alivuka mpaka. Ndani ya Burundi, Watutsi wengi walionusurika mauaji ya 1993 walikusanyika karibu na vituo vya jeshi na makao ya komuni (utawala wa eneo), wakajenga vibanda, na wengine hawakuondoka hapo tena. Upande wa pili, kuanzia 1996, jeshi liliwahamisha Wahutu kwa nguvu na kuwalundika kwenye kambi ili waasi wasipate wa kuwalisha. Septemba 1999 peke yake watu wapatao 300,000 waliondolewa vilimani kuizunguka Bujumbura. Nelson Mandela, aliyepokea usuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Arusha baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999, alishikilia kwamba kambi zile zivunjwe. Alizifananisha hadharani na kambi za mateso, na katikati ya 2000 zikavunjwa. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote aliyoifanya Arusha, maana ilikuwa amani iliyomfikia mtu mlangoni kabla hata wino haujamwagwa.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Wengi wanaukumbuka kwa jinsi ulivyogawanya jeshi na madaraka kati ya Wahutu na Watutsi. Itifaki yake ya nne husomwa kidogo, na ndiyo iliyowahusu watu wa kawaida. Ilisema wakimbizi na waliohamishwa wote wana haki ya kurudishiwa mali zao, hasa ardhi, na kama kurudishiwa hakuwezekani walipwe fidia ya haki. Iliagiza iundwe tume ya taifa ya kuwarejesha, na chini yake chombo cha kushughulikia ardhi. Maneno hayo ni mazuri, na waliopigania yaandikwe walijua walichokuwa wanadai. Lakini serikali ya Burundi haikuwa na fedha za kumlipa mtu fidia, na kila aliyekuwa mezani alilijua hilo. Mkataba ulimwahidi mkimbizi shamba lile lile ambalo sheria ya nchi ilikuwa imemwahidi mtu mwingine.

Vita haikukoma siku ile. Makundi makubwa ya waasi, CNDD-FDD na FNL, hayakutia saini. Umoja wa Mataifa ulianza kuwasindikiza waliotaka kurudi mwaka 2002, kwanza wa mikoa ya kaskazini iliyokuwa imetulia. Makubaliano ya CNDD-FDD ya Novemba 2003, yaliyokamilishwa Dar es Salaam, ndiyo yaliyofungua mlango: mwaka 2004 watu wapatao 90,000 walirejea. Mwaka uliofuata Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD, ambaye baba yake aliuawa 1972, akawa rais. Hadi kufika mwisho wa muongo ule, zaidi ya 500,000 walikuwa wamerudi, wengi kutoka Tanzania.

Kwa wa 93 kurudi kulikuwa na ugumu wake, ila kulikuwa na njia. Walikuwa wameondoka miaka kumi tu. Waliobaki waliwajua kwa sura, watoto wao kambini walisoma mtaala wa Burundi, na mgogoro wa shamba mara nyingi ulikuwa na ndugu wa damu, ukamalizwa na wabashingantahe, wazee wa kilima. Walipokea mgao wa chakula, turubai na vyombo, na tangu 2007 waliongezewa faranga 50,000 kila mtu. Wengi walijenga upya katika msimu mmoja.

Kwa wa 72 ilikuwa shughuli nyingine kabisa. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuyafunga makazi ya zamani kwa kumwuliza kila mtu anataka nini. Wakati ule watu waliohesabiwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wapatao 218,000, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Tanzania. Karani alifika na fomu, familia ikaketi, na kila mmoja akatakiwa kuchagua uraia wa Tanzania au kurudi Burundi. Nafikiri hakuna swali zito zaidi lililowahi kuulizwa vijijini Mpanda. Mzee aliyekimbia akiwa kijana alitaka kuzikwa kwao. Mwanawe alikuwa na ekari za tumbaku na mke kutoka kwa majirani Wafipa. Mjukuu hakujua Kirundi cha kuandika barua. Takriban asilimia 80 walichagua Tanzania, asilimia 20 wakachagua kurudi, na katika kaya nyingi mstari huo ulipita katikati ya meza ya chakula.

Waliochagua kurudi walianza safari Machi 2008. Wa Katumba walikuwa na bahati ya reli: tawi la Mpanda linapita kwao na kuungana na reli ya kati Kaliua, kisha treni huenda Kigoma. Walipakia mabehewa kila walichoweza kung'oa. Mabati ya nyumba yalivuliwa misumari na kufungwa mafungu, milango ikatolewa na bawaba zake, baiskeli, cherehani, magunia ya mahindi na kuku vikapandishwa. Aliyeng'oa mlango wake Katumba alikuwa anajua kuwa anapokwenda hakuna nyumba. Hadi mwaka uliofuata zaidi ya 50,000 walikuwa wamevuka, wengi kidogo kuliko waliochagua kurudi mwanzoni.

Wengi wao wakaishia Imbo, kwa sababu ndiko walikotoka, na Imbo ilikuwa imejaa. Mwaka 2006 serikali ilikuwa imeunda tume ya ardhi na mali nyingine, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CNTB, chini ya Padre Astère Kana. Kazi yake ilifanyika shambani kwenyewe. Wajumbe walifika kilimani, pande mbili zikasimama na mashahidi wao, mzee mmoja akaonyesha mti uliokuwa mpaka, mwingine akasema mti ule ulipandwa na mradi wa michikichi mwaka 1980, wa tatu akakumbuka mfereji uliofukiwa. Mara nyingi tume ilishauri wagawane nusu kwa nusu, au theluthi, kamba ipigwe siku ile ile. Shamba ambalo tayari lilikuwa dogo likawa mawili madogo zaidi, katika nchi ambayo kaya nyingi zinalima chini ya hekta moja.

Watu walisema tume ya Padre Kana iliwabembeleza waliovamia. Mimi naona ilifanya lililowezekana. Mtu aliyenunua shamba mwaka 1985 kutoka kwa mtu aliyepewa na serikali mwaka 1975 hakuwa mwizi, na aliyekuwa na kaburi la babu yake katikati ya shamba hilo hakuwa mwongo. Wote wawili walikuwa na haki, na serikali iliyowagonganisha ilikuwa haipo tena kulipa. Kugawana kuliwaacha wote na kitu, na kuliwaacha wawe majirani.

Wapo ambao hata kugawana hakukuwafikia. Watoto waliorudi bila wazazi, wasiojua kilima chao kwa jina, hawakuwa na pa kumpeleka shahidi. Wanawake walikuwa na hali mbaya zaidi. Burundi haina sheria ya mirathi inayompa binti ardhi. Kwa mila, ardhi hupita kwa wana wa kiume. Mjane aliyerudi na watoto wa kike, mume akiwa amezikwa Ulyankulu, alisimama mbele ya shemeji zake bila mtu wa kumsemea. Mkataba wa Arusha ulitaja haki ya mali kwa wanaume, wanawake na watoto. Kilimani mstari huo haukuwa na mtetezi.

Kwa wasio na pa kwenda serikali na wafadhili walijenga vijiji vya pamoja, mikoa ya Makamba, Bururi, Rutana na kwingineko. Warundi kwa desturi huishi kila kaya katika uwanja wake kilimani, si kwa vijiji. Hapa walipangwa kwa mistari, waliorudi wakichanganywa na wenyeji maskini na waliohamishwa ndani ya nchi, nyumba za udongo na mabati, mashamba yakiwa mbali au hayapo. Wa Mishamo waliokuwa na hekta tano na ghala walijikuta wanatafuta kibarua cha kuvuna chikichi za mwenye shamba.

Na watoto. Aliyekuwa kidato cha pili Katumba aliingia darasa ambalo mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa. Wengi walirudishwa madarasa matatu, manne nyuma, wakakaa na wadogo zao, na waliokuwa wakubwa wakaacha shule. Wenzao waliwaita Watanzania. Kiswahili chao kiliwafaa sokoni Rumonge na mtaa wa Buyenzi huko Bujumbura, kikawafaa zaidi walipoanza kutafuta njia ya kurudi Kigoma kutafuta kazi.

Upande wa Tanzania, waliochagua uraia hawakuona mambo yakinyooka. Maombi ya watu 162,000 na zaidi yalikubaliwa kufikia 2010, lakini vyeti vikazuiwa. Mpango wa awali ulitaka wahame makazi na kutawanywa mikoa mingine, na mikoa haikuwa tayari, wala wao hawakutaka kuyaacha mashamba waliyoyafyeka. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi na bado hawakuwa na cheti cha Tanzania. Hali hiyo ilidumu hadi Oktoba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipoanza kukabidhi vyeti na serikali ikaridhia wabaki walipo. Ni watu wachache duniani waliopewa uraia kwa wingi kiasi hicho kwa mara moja, na Tanzania inastahili kusifiwa kwa hilo, pamoja na ile miaka minne.

Wa mwisho katika kambi hawakuulizwa walichotaka. Mwishoni mwa 2012 Mtabila ilifungwa. Waliopatikana hawana tena sababu ya kulindwa walisafirishwa kupitia Mabanda, upande wa Burundi, zaidi ya 30,000 katika wiki chache, wengi wakisema kwa sauti kuwa hawajaridhika na wanakopelekwa.

Walikuwa wanarudi katika nchi iliyobadili msimamo juu ya ardhi. Tangu 2011 tume ilikuwa mikononi mwa Monsinyori Sérapion Bambonanire, na yeye hakupenda kugawana: aliyekimbia arudishiwe chake chote, aliyenunua akamdai aliyemwuzia. Kwa mkimbizi hiyo ilikuwa haki iliyochelewa miaka 40. Kwa mnunuzi ilikuwa kufukuzwa, bila fidia ile iliyoandikwa Arusha. Mei 2013 mtaani Ngagara, Bujumbura, polisi walipokwenda kuitoa familia moja katika nyumba iliyorudishwa kwa mkimbizi wa zamani, majirani walisimama mlangoni, vijana wakafunga barabara, na mabomu ya machozi yakapigwa. Kwa kuwa wengi waliorudi walikuwa Wahutu na wengi waliotolewa mijini walikuwa Watutsi, kila hukumu ya shamba ilianza kusomwa kama hukumu ya kabila. Arusha ilikuwa imefanya kazi ngumu ya kuwaondoa Warundi katika usomaji huo.

Aprili 2015 Rais Nkurunziza alitangaza kuwania muhula wa tatu. Maandamano yalizimwa kwa risasi, jaribio la mapinduzi la Mei likashindwa, na watu wakaanza kuondoka kabla kura haijapigwa. Maelfu kwa maelfu walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania chenye mlima nyuma na ziwa mbele, bila barabara. Kipindupindu kiliwakuta pale. Meli ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani karne moja kabla, ilitia nanga mbali na ufuko, watu wakapelekwa kwake kwa maboti, kisha Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu. Nyarugusu ilipofurika, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Jumla ya waliokimbia nchi za jirani ilivuka 400,000.

Miongoni mwao walikuwamo wale wa Mtabila, miaka miwili na nusu tu baada ya kurudishwa, na walikuwamo wa 72. Wengi hawakusubiri kuona vita. Walisema wameshaujua mwanzo wake. Wengine waliondoka kwa sababu mtu aliyelilima shamba lao kabla hawajarudi, aliyeshindwa mbele ya tume, alikuwa ameanza kupita jioni na vijana wa chama tawala akihesabu michikichi. Tangu 2017 Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwasindikiza tena kuvuka, kwa baadhi yao mara ya pili na kwa wengine ya tatu, na afisa wa komuni anapomwandikisha mtu huanza kwa kumwuliza kilima chake, halafu nani amekuwa akilima pale tangu aondoke.